Trekta Lenye Kabini au Lililo Wazi? Nasaha kwa Mwenye Kutaka Kununua

Hapana msimu unaopita bila ya wasomaji kuleta swali hili kwa maneno mbalimbali: mkulima wa ngano wa Narok hutaka kujua kama fedha za ziada anazodaiwa kwa ajili ya kabini zitarudi; mwenye trekta la kukodisha wa Kibaigwa huuliza kama si israfu kumnunulia dereva kiyoyozi ilhali yeye mwenyewe nyumbani kwake hanacho; naye mwenye michungwa na minazi wa Muheza hutaka kuambiwa kama chombo chenye kimo kile kitapita chini ya matawi bila ya kuvunja kioo wala kuangusha matunda. Wote watatu wana haki ya kuuliza, kwa kuwa tofauti ya bei si ndogo, na muuzaji, ambaye faida yake iko katika kuuza kilicho ghali au katika kukiondoa kilichomlalia ghalani, si mtu wa kuachiwa peke yake kutoa jawabu.

Jawabu langu kwa ufupi ni kwamba swali la kabini halianzi kwenye trekta, bali kwa mtu atakayeketi juu yake: ataketi saa ngapi kwa mwaka, atavuta pumzi ya kitu gani, na ni nani atakayehakikisha kwamba kile unachomnunulia leo kitakuwa kingali kikifanya kazi mwaka wa tano. Ukiyajibu hayo kwa insafu, mengine yote hujipanga yenyewe. Liko jambo moja tu lililo nje ya hiari, nalo ni kinga ya kupinduka, ambayo nitaitaja mapema ili tusije tukaichanganya na mambo ya raha.

Kwanza, tujue kinachouzwa

Watu husema "la kabini" na "la wazi" kana kwamba aina ni mbili tu; walakini sokoni utakutana na tano, nazo hazilingani kwa usalama wala kwa starehe:

1. *Lililo wazi kabisa.* Kiti, usukani na madigadi mawili, basi. Mengi ya matrekta makongwe yako hivi.
2. *Lililo wazi lenye nguzo za kinga.* Ni fremu ya chuma kizito, ya nguzo mbili au nne, iliyojaribiwa kiwandani ili ihimili uzito wa trekta lenyewe linapopinduka.
3. *Lenye paa la kivuli.* Paa likifungwa juu ya nguzo za kinga, umepata kivuli na kinga pamoja. Likishikiliwa na vyuma vyembamba, umepata kivuli peke yake.
4. *Lenye kabini isiyo na kiyoyozi.* Hili aghalabu ni mtumba wa Uingereza au wa nchi nyingine za Ulaya, na kabini yake ilibuniwa kumkinga dereva na mvua na baridi. Ndani utakuta hita, wala hutakuta baridi.
5. *Lenye kabini kamili.* Vioo, raba za milango, feni inayopitisha hewa katika filta, na kiyoyozi.

Anayelinganisha la kwanza na la tano hajalinganisha kitu, maana kwa wakulima wengi chaguo lenye busara limo baina yao.

Jambo lisilo na hiari: kinga ya kupinduka

Trekta huua kwa njia nyingi, na iliyo mbaya kupita zote ni kupinduka. Likiinuka kwa mbele na kurudi nyuma, dereva hana hata sekunde moja kamili ya kutambua na kukanyaga klachi kabla mambo hayajapita kiasi. Wasweden walilitambua jambo hili mapema, wakaanza mwaka 1959 kulazimisha nguzo za kinga katika matrekta mapya, na vifo vya kupinduka vikashuka mno; kampuni ya John Deere ikaanza kuuza nguzo zake huko Marekani mwaka 1966; na Uingereza ikaweka sharti hilo kwa matrekta mapya mwaka 1970. Kwa hiyo anayekuuzia leo trekta jipya lisilo na nguzo wala kabini ya kinga anakuuzia kitu ambacho wenzetu walikwisha kukikataa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Yashike haya:

- Nguzo na mkanda wa kiti huenda pamoja. Penye nguzo zilizosimama, funga mkanda, maana nguzo hulinda nafasi ya kiti tu, na aliyerushwa nje ya nafasi hiyo huweza kuangukiwa na nguzo zilezile.
- Pasipo na nguzo, au pale nguzo za kukunja zilipolazwa ili kupita chini ya miti, usifunge mkanda. Na ukitoka mitini, zisimamishe upya papo hapo.
- Nguzo zisichomelewe wala zisitobolewe kwa ajili ya kufungia taa au debe la maji. Zikipinda katika ajali, hubadilishwa, hazinyoshwi.
- Kabini nayo si kinga kwa sababu tu ina kuta. Tafuta kibao cha chuma kilichobandikwa kiwandani kinachotaja jaribio lililofanywa na aina ya trekta linalohusika. Kabini ya bati iliyoundwa gereji, hata ikipakwa rangi nzuri, ihesabu kuwa mwavuli.
- Gogo au kisiki huvutwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye kiungo cha chini cha nyuma peke yake. Mnyororo uliofungwa juu ya usawa wa ekseli ndio unaoinua pua ya trekta.

Likiwa hili limekwisha kuthibiti, sasa tuzungumze juu ya kabini.

Maswali matano ya kujiuliza kabla ya kwenda dukani

Chukua karatasi uandike majawabu, wala usiyaweke kichwani, kwa kuwa mbele ya trekta jipya linalong'aa kichwa husahau.

1. *Litafanya kazi saa ngapi kwa mwaka?* Trekta la shamba la familia huenda likafanya saa mia mbili. La kukodisha, linalofuata mvua kutoka wilaya moja hadi nyingine, huweza kupita saa mia nane.
2. *Kazi ipi itachukua sehemu kubwa ya saa hizo?* Kuvuta plau katika udongo wenye unyevu si sawa na kuvuta haro kiangazi, wala kuvuta tela si sawa na kunyunyiza dawa.
3. *Wapi?* Joto la Kilombero na Tana, vumbi la Kongwa, baridi ya alfajiri ya Njombe na ya Molo, kila moja lina hukumu yake.
4. *Nani ataendesha?* Wewe mwenyewe, mwanao, au mwajiriwa? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mwenye trekta ambaye hakupata kuketi juu yake kutwa nzima ni mwepesi wa kuona kuwa jua halimchomi mtu.
5. *Fundi wa kiyoyozi yuko umbali gani?* Si fundi wa injini, bali wa kiyoyozi, mwenye geji za gesi na pampu ya kutolea hewa.

Kazi zinazodai kabini

*Kunyunyiza dawa kwa bomba linalofungwa nyuma ya trekta.* Hii ndiyo hoja yenye nguvu kupita zote. Upepo ukigeuka, ukungu wa dawa humrudia dereva usoni, na anayenyunyiza mashamba ya watu wengi hupatwa na hali hiyo siku baada ya siku kwa msimu mzima.

*Kupiga haro, kupanda na kuvuna wakati wa ukavu.* Waliokuwa Kongwa zama za ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, waliona udongo wa huko ukizila plau kwa ukali wake. Na udongo unaokula chuma, mapafu hauyaonei huruma. Ni vivyo hivyo kwa vumbi la makapi la wenye kufunga marobota ya nyasi.

*Kazi za usiku.* Mvua zikikaribia, wengi hulima hadi usiku wa manane. Kabini huzuia mbu, wadudu wanaofuata taa, na ubaridi.

*Kufungua mashamba ya vichaka.* Nyuki wetu ni wakali, na ngurumo na mtikisiko wa trekta huwakasirisha; dereva aliye wazi katikati ya pori hana pa kukimbilia, ilhali aliye ndani hufunga milango na matundu ya hewa akaondoka taratibu.

*Saa nyingi mfululizo katika kelele.* Wataalamu wa afya ya kazini wameweka desibeli 85 kuwa kiasi cha kuvumilika kwa saa nane, na kwa kila desibeli tatu zinazoongezeka muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Trekta lililo wazi linalovuta plau kwa nguvu hupita desibeli 90 bila ya shida, kwa hiyo dereva wa kutwa nzima huzidisha kipimo chake kabla jua halijafika utosini. Kabini njema hupunguza sana kelele hizo. Kabini mbovu ya bati lisilo na bitana huzirudisha na kuzizidisha, na ndiyo sababu Uingereza ikalazimika mwaka 1976 kuweka kikomo cha desibeli 90 masikioni mwa dereva, baada ya kabini zake za mwanzo kuokoa roho za watu na kuharibu masikio yao.

Kazi zinazopenda trekta lililo wazi

- *Mashamba ya miti*: michungwa, miembe, migomba, kahawa, minazi mifupi. Kabini huongeza kimo na upana, na tawi moja hutosha kuondoka na kioo. Hapa nguzo za kukunja ndizo zinazofaa.
- *Kazi za kupanda na kushuka kila mara*: kufunga na kufungua tela, kupakia miwa, kugawa mbolea katika vipande vidogo vya ekari mojamoja. Anayeshuka mara arobaini kwa siku ataacha milango wazi, na kabini iliyo wazi milango haina maana.
- *Majaruba ya mpunga.* Dereva hushuka matopeni na kupanda nayo. Fauka ya hayo, uzito wa kabini, ambao ni mamia ya kilo, si rafiki wa trekta dogo katika tope laini.
- *Matrekta madogo ya nguvu za farasi chini ya hamsini.* Kompresa ya kiyoyozi nayo hula nguvu za injini. Injini kubwa haitambui, ndogo huzitambua hasa inapopanda mlima.
- *Mahali palipo mbali na fundi.* Lisilo na kitu halina kinachoharibika.

Kiyoyozi: hapo ndipo penye shina la mambo

Kabini ya vioo isiyo na kiyoyozi kinachofanya kazi, chini ya jua la Dodoma au la Garissa, ni tanuri. Dereva hatavumilia; siku ya kwanza atafungua dirisha la nyuma, wiki ya pili atafungua milango yote miwili na kuifunga kwa kamba, na kabla mwaka haujaisha milango itang'olewa na kuwekwa ghalani. Hapo ndipo vumbi huingia lisipate pa kutokea, joto la injini na la gia hupanda miguuni, na wewe mwenye mali hubaki na trekta ulilolilipia bei ya kabini likiwa duni kuliko lililo wazi. Matrekta ya namna hii ni mengi vijijini, na chanzo chake si ubaya wa kabini bali ni kununua kitu bila ya kununua matunzo yake.

Basi matunzo ni haya:

1. *Kila siku ya vumbi*, safisha kondensa na rejeta. Puliza upepo kuanzia upande wa kutokea hewa, yaani kinyume cha njia ambayo takataka ziliingilia, ama sivyo utazisukuma ndani zaidi.
2. *Kila baada ya siku chache*, toa filta ya kabini uikung'ute polepole. Filta ya karatasi haioshwi kwa maji. Ikitoboka au ikishikana, badilisha. Na akiba mbili ziwepo daima.
3. *Kila wiki*, tazama raba za milango na mkanda wa kompresa. Feni ikiwa juu na milango imefungwa, hewa safi hujaa ndani na kusukumwa nje kupitia penye nyufa, na hivyo ndivyo vumbi linavyozuiwa. Raba ikichanika, kazi hiyo hubatilika.
4. *Miezi ya mapumziko*, washa kiyoyozi dakika chache mara moja kwa wiki mbili ili mafuta ya kompresa yazunguke na sili zisikauke.
5. *Gesi ikipungua*, kuna mahali inavuja. Anayejaza tu bila ya kutafuta tundu anakuuzia gesi ileile mara mbili.

Kipimo chepesi cha kabini ni kitambaa cheupe: baada ya kutwa ya haro, kipitishe juu ya dashibodi. Kikitoka chekundu, jua kuwa dereva naye amevuta sehemu yake.

Nasaha kwa wanunuzi wa mitumba ya Ulaya

Fedha nyingi hupotea hapa. Trekta la kale lenye kabini nzuri ya Kiingereza hupendeza macho, na bei yake huvuta. Ila kabla ya kukubali:

- Uliza wazi: lina kiyoyozi, au lina feni tu? Kitufe chenye picha ya feni si ushahidi.
- Hakikisha vali ya hita inafunga sawasawa. Ikibaki wazi, maji ya moto ya injini huzunguka ndani ya kabini mwaka mzima, na dereva atadhani ni jua.
- Kama kiyoyozi ni cha kabla ya katikati ya miaka ya 1990, huenda kilitumia gesi ya R12, ambayo imeondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu ya kuharibu ozoni. Kukigeuza kitumie gesi nyingine kunawezekana, lakini gharama hiyo iingie katika hesabu yako sasa.
- Tazama kama vioo ni vya kupinda. Kioo bapa hukatwa na fundi yeyote mwenye kioo cha usalama; cha kupinda, ambacho hukipati katika maduka ya vipuri ya Gerezani wala ya Kirinyaga Road, kitakungojesha meli.
- Inua mkeka wa sakafu na upige pembe za kabini kwa nyundo ndogo. Kutu ya majira ya baridi ya Ulaya hujificha kwenye miguu ya kabini, na kabini iliyooza miguu si kinga tena.

Kabini na dawa: usidanganyike

Wengi hudhani kwamba mlango ukifungwa sumu imebaki nje. Sivyo. Filta ya kawaida ni ya vumbi tu. Haizuii mvuke wa dawa. Huko Ulaya kabini hupangwa kwa madaraja manne: la pili huzuia vumbi, la tatu vumbi na matone ya ukungu, na la nne peke yake, lenye filta ya makaa maalumu, ndilo linalozuia na mvuke. Uliza daraja kabla ya kulipa, na uliza pia kama filta hiyo hupatikana nchini.

Kisha ufuate utaratibu huu:

1. Hatari kubwa iko wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa bado kali na dereva yuko nje. Glavu, buti, aproni na barakoa ni lazima hata kwa mwenye kabini bora.
2. Vua glavu na aproni kabla ya kupanda, uziweke katika sanduku la nje. Nguo zenye dawa zikiingia ndani, kabini hugeuka chumba cha kuhifadhia sumu.
3. Weka ndoo ya maji safi na sabuni upande wa nje.
4. Nozeli ikiziba, zima bomba, shuka, vaa tena, zibua kwa brashi na kamwe si kwa mdomo, nawa, ndipo upande.
5. Futa usukani, kiti na sakafu kwa kitambaa chenye maji kila jioni.

Hesabu ya fedha

Usitazame tofauti ya bei peke yake. Igawe kwa saa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tofauti baina ya trekta lenye nguzo na lenye kabini ni shilingi milioni 15 za Tanzania, nawe unakusudia kulitumia miaka sita.

- Likifanya saa 800 kwa mwaka, ni saa 4,800. Kabini imekugharimu shilingi 3,125 kwa saa.
- Likifanya saa 200 kwa mwaka, ni saa 1,200; kabini imekugharimu shilingi 12,500 kwa saa.

Trekta la nguvu za farasi sabini na tano lenye plau ya diski tatu hulima takriban ekari moja kwa saa, kwa hiyo unaweza kuziweka takwimu hizo kando ya bei unayotoza kwa ekari ukaona zinakula kiasi gani. Ongeza juu yake filta, gesi, na kioo kimoja kila mwaka. Toa chini yake saa ambazo dereva aliye wazi hukaa chini ya mti kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana kwa kukimbia jua, na thamani ya kumbakisha dereva hodari asiyehamia kwa tajiri mwingine. Yako mambo yasiyoingia katika hesabu hii, kama vile masikio ya mtu. Lakini kutokuingia katika hesabu si kutokuwa na thamani.

Makosa yanayorudiwa

- Kununua kabini kwa fahari, kisha kukosa fedha za plau njema. Plau ndiyo inayoleta chakula.
- Kukata milango au kutoboa paa ili hewa iingie badala ya kutengeneza kiyoyozi.
- Kubadilisha kioo cha usalama kwa kioo cha dirisha la nyumba, ambacho hupasuka vipande virefu vyenye makali.
- Kumruhusu tandiboi aketi kwenye madigadi au asimame kwenye ngazi ya kabini. Trekta la kiti kimoja ni la mtu mmoja.
- Kudhani kwamba kabini imeondoa haja ya kinga ya shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Shafti humkamata anayeshuka, si anayeketi.
- Kuegesha trekta la kabini juani milango ikiwa imefungwa. Likifunguliwa mchana, viti na plastiki vimekwisha kuungua.

Hoja za wasomaji na majibu yake

*"Wazee wetu walilima miaka yote bila ya kabini."* Ni kweli, na wengi wao leo husemeshwa kwa sauti kubwa ndipo wasikie. Wazee walivumilia kwa kuwa hapakuwa na jingine.

*"Dereva akiburudika atalala."* Joto na kelele ndizo zinazochosha na kuleta usingizi. Kinachozuia kulala ni zamu za haki na kupumzika.

*"Ndani ya kabini hatasikia plau ikigonga jiwe."* Hoja hii ina ukweli: aliyezoea lililo wazi husikia mashine vyema zaidi. Basi dereva mpya wa kabini afundishwe kutazama nyuma kila mara, kusoma geji, na kufungua kidirisha cha nyuma anaporekebisha kina. Baada ya hapo akifunge.

*"Sina uwezo wa kabini; je, dereva wangu nimwache ateseke?"* La hasha. Nunua nguzo za kinga na paa la kivuli lililofungwa juu yake, mpe kinga za masikio za kufunika sikio zima, miwani isiyoingiza vumbi, barakoa ya vumbi inayobana usoni, shati la mikono mirefu na maji ya kutosha. Panga haro alfajiri na jioni, na jambo la dawa umpe mwenye vifaa vyake. Gharama ya yote hayo ni sehemu ndogo ya bei ya kabini.

*"Je, nikifunga kabini baadaye?"* Inawezekana ikiwa ni ya kiwanda, iliyoundwa kwa trekta la aina yako. Ya kubuni, iache.

Siku ya kununua

Nenda na dereva wako pamoja na fundi, wala usiende asubuhi. Nenda saa saba mchana. Kisha:

1. Washa injini, funga milango, fungua kiyoyozi, keti nusu saa kamili. Muuzaji akisema dakika tano zatosha, mwambie dereva ataketi saa kumi.
2. Weka feni juu kabisa, pitisha mkono kandokando ya milango. Hewa itoke, isiingie.
3. Geuka nyuma utazame ncha za viungo vya plau. Kama nguzo ya kabini imezificha, dereva ataumia shingo.
4. Panda na ushuke mara kumi ukiwa na buti.
5. Soma kibao cha kinga, kisha funga mkanda uone kama unashika.
6. Taka bei ya filta, ya kioo cha mlango na ya kompresa kwa maandishi, pamoja na muda wa kuzipata. Asiyeweza kukuandikia hana vipuri.
7. Pima kimo cha trekta hadi ncha ya paa, ukilinganishe na mlango wa banda lako na matawi ya shamba lako.

Uamuzi

Kama unanyunyiza dawa kwa bomba la trekta msimu mzima, au unafanya saa nyingi katika vumbi, na fundi wa kiyoyozi anafikika kwa siku moja, nunua kabini kamili, nawe utenge fedha za matunzo yake tangu siku ya kwanza. Kama shamba lako ni la miti, au la majaruba, au trekta litafanya saa chache kwa mwaka, nunua lenye nguzo na paa la kivuli, na sehemu ya fedha iliyobaki uitie katika kinga za dereva na plau bora. Kabini isiyo na kiyoyozi ikatae popote palipo na joto, hata bei ikiwa ya kutupa. Huko nyanda za baridi peke yake ndiko inakoweza kukufaa. Na ikiwa fedha zako hazitoshi hata nguzo za kinga, ngoja msimu mmoja, ukodi trekta la jirani, uziongeze. Msimu uliopotea hurudi mwaka ujao.